Jaji Mkuu Aliyeangushwa kwa Kura: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha California, 1977–1987

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanaojifunza kazi ya ujaji na uongozi wa mahakama. Kinamhusu mwanamke aliyeiongoza Mahakama ya Juu ya jimbo la California, nchini Marekani, kwa miaka kumi kasoro miezi michache, kisha wapigakura wakamwondoa. Majina ya wahusika yameachwa na kila mmoja ametajwa kwa cheo chake. Jimbo, miaka, majina ya kesi na hesabu za kura vimebaki, kwa sababu bila hivyo kisa kingegeuka hekaya. Anayeifahamu historia ya mahakama za California atamtambua upesi, na hilo haliepukiki.

Jinsi jaji anavyopatikana na anavyobakizwa

Msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kwanza kuweka kando mazoea ya kwao. Tanzania, Rais humteua jaji baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kenya, tume huwahoji waombaji hadharani kisha humpelekea Rais jina. Na kote kuwili hakuna mwananchi anayemwona jaji kwenye karatasi ya kura. California wana njia ya tatu, waliyoianza mwaka 1934. Gavana humteua jaji wa Mahakama ya Juu, kisha tume ndogo ya watu watatu (Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu wa jimbo na jaji mmoja mwandamizi wa Mahakama ya Rufaa) hulithibitisha au kulikataa jina hilo. Baada ya hapo jaji husubiri uchaguzi unaofuata wa gavana, ambapo jina lake huwekwa mbele ya wananchi bila mpinzani, na swali huwa moja tu: abaki au asibaki. Akibakizwa katika kipindi chake kamili hukaa miaka 12. Akiwa ameingia katikati ya kipindi cha mtangulizi wake, humaliza kwanza miaka iliyobaki kisha hurudi tena kwa wananchi.

Kanuni hiyo ya mwisho inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyopanga kalenda ya kisa chote. Jaji Mkuu tunayemzungumzia alirithi kipindi ambacho mtangulizi wake alikuwa amekianza, na hivyo akalazimika kupigiwa kura mara mbili ndani ya miaka minane, mwaka 1978 na mwaka 1986.

Kwa zaidi ya nusu karne kura hizo zilikuwa desturi tu. Tangu 1934 hadi kura ya 1986 hakuna jaji wa ngazi ya rufaa aliyewahi kuangushwa.

Alikotoka

Alizaliwa mwaka 1936 karibu na mji wa Tucson, Arizona, katika familia ya wafugaji wa kuku. Baba alifariki watoto wakiwa wadogo, na mama akawahamishia New York, alikowalea watoto watatu kwa ujira wa kiwandani. Binti alisoma chuo huko kwa alama za juu, akavuka nchi nzima kwenda Berkeley, na mwaka 1965 akahitimu shahada ya sheria. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ukarani wa sheria katika Mahakama ya Juu ya jimbo jirani la Nevada, ambako hapakuwahi kuwa na karani mwanamke. Mwaka uliofuata alijiunga na ofisi ya mawakili wanaolipwa na kaunti ya Santa Clara kuwatetea washtakiwa wasio na uwezo. Huko nako alikuwa mwanamke wa kwanza. Baadaye alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Stanford.

Kilichomfikisha kwenye siasa ni kampeni ya mgombea ugavana ya mwaka 1974, aliyojitolea kuifanyia kazi, ikiwa ni pamoja na kumwendesha mgombea kwa gari. Mgombea aliposhinda alimfanya waziri wa kilimo na huduma, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la jimbo hilo. Katika wadhifa huo alisimamia majadiliano yaliyozaa Sheria ya Mahusiano ya Kazi za Kilimo ya mwaka 1975, iliyowapa vibarua wa mashambani haki ya kupiga kura ya siri kuchagua chama chao cha wafanyakazi. Wenye mashamba makubwa hawakuisahau sheria hiyo, wala hawakumsahau aliyeisimamia.

Uteuzi wa 1977

Februari 1977 gavana alimteua awe Jaji Mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 40, hajawahi kuwa jaji hata wa mahakama ya mwanzo, na mwaka uliotangulia alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuketi katika mahakama hiyo, seuze kuiongoza. Tume ya uthibitisho ilimpitisha kwa kura mbili dhidi ya moja.

Uamuzi wa gavana ulikuwa na hoja. Mahakama ilihitaji mtu aliyewahi kukaa upande wa mshtakiwa maskini, na katika historia ya Marekani wako majaji wakubwa walioingia bila kupitia mahakama za chini. Hata hivyo, kumteua mtu kuwa jaji wa kawaida ni jambo moja na kumteua moja kwa moja kuwa kiongozi ni jingine. Katika jopo lile la watu saba palikuwa na jaji mwandamizi aliyekuwamo tangu mwaka 1964, aliyewahi pia kuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na ambaye wengi walimdhania kuwa ndiye angekabidhiwa kiti. Tutakutana naye tena mara kadhaa.

Ofisi ya Jaji Mkuu

Jaji Mkuu wa California pia ni mkuu wa utawala wa mahakama zote za jimbo na mwenyekiti wa baraza linalosimamia kanuni na bajeti. Katika nafasi hiyo alianza kwa kasi. Gari la kifahari la ofisi liliuzwa. Kamati za mahakama, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa za wanaume wazungu wanaofahamiana, zilianza kuwa na wanawake na watu wa jamii nyingine. Palipotokea pengo katika jopo la Mahakama ya Juu, kwa jaji kuugua au kujitoa, aliacha kuwaita majaji wastaafu na wa Mahakama ya Rufaa peke yao, akawapangia majaji wa mahakama za chini waje waketi kwa muda.

Kila hatua kati ya hizo inaweza kutetewa, na nyingine leo hazina ubishi. Tatizo lilikuwa namna. Alikuja na wasaidizi wake kutoka wizarani, akawategemea hao kuliko watumishi waliokuwa wameishi ndani ya jengo lile miaka na miaka, na hakutumia muda kupita ofisi kwa ofisi kuzungumza na wenzake. Katika mahakama ya rufaa uamuzi hupatikana kwa kura nne kati ya saba, na kura hizo hujengwa kwa maandishi yanayopelekwa na kurudishwa, kwa mazungumzo ya mlangoni, kwa mtu kumwambia mwenzake, "Ukiondoa aya hii nitatia saini." Kiongozi asiye na mazungumzo hayo hubaki na cheo tu. Kiti kilimfanya awe wa kwanza, lakini hakikumfanya awe mwenyeji.

Kura ya 1978 na uchunguzi uliofuata

Juni 1978 wananchi walipitisha pendekezo la kupunguza kodi ya nyumba na ardhi, na Septemba mahakama ikalithibitisha. Yeye peke yake alipinga sehemu ya uamuzi huo, akieleza kwamba majirani wawili wenye nyumba zilizo sawa wangelipa kodi tofauti kwa sababu tu mmoja alinunua baadaye. Kisheria hoja yake ilikuwa nzito, lakini kisiasa ilikuwa zawadi kwa wapinzani waliokwisha jipanga, wakiwamo wenye mashamba na seneta mmoja wa jimbo.

Novemba 1978 alibakizwa kwa asilimia 51.7, ushindi mwembamba ambao haukuwa umewahi kuonekana. Asubuhi ya siku ya kura, gazeti kubwa la Los Angeles liliandika kwamba mahakama ilikuwa imekwisha amua kulegeza sheria iliyomlazimu hakimu kumfunga mtu aliyetumia bunduki katika uhalifu, na kwamba tangazo la hukumu hiyo, katika kesi ya Tanner, lilikuwa limecheleweshwa hadi uchaguzi upite. Tuhuma ilikuwa nzito kuliko zote zinazoweza kuelekezwa kwa jaji, yaani kwamba amechezea tarehe ya hukumu ili apate kura.

Hapo alifanya uamuzi ambao wanafunzi wa uongozi hugawanyika juu yake. Yeye mwenyewe aliiomba tume ya nidhamu ya majaji ichunguze. Aliamini kwamba mwanga ungemsafisha. Mwaka 1979 vikao vilianza hadharani, na majaji wakaitwa mmoja mmoja kueleza nani alimwandikia nani, rasimu ipi ilikaa mezani kwa nani kwa siku ngapi, na nani hakuwa akizungumza na nani. Jaji mwandamizi alikataa kutoa ushahidi hadharani, akafungua shauri na akashinda; vikao vikafungwa kwa umma, na tume ikamaliza kazi bila kumfungulia mtu yeyote mashtaka. Kwa hiyo umma uliona ugomvi lakini haukusikia majibu. Mtu aliyeachwa bila kushtakiwa kwa namna hiyo hutoka na vumbi lote bila cheti cha usafi.

Hukumu za kifo: nini hasa kiliamuliwa

Sehemu hii inahitaji utulivu, kwa kuwa ndiyo iliyomwondoa.

Mwaka 1977 bunge la jimbo lilirudisha adhabu ya kifo, likiipindua kura ya turufu ya gavana. Mwaka uliofuata, siku ileile ya kura ya Novemba 1978, wananchi wenyewe walipitisha kwa asilimia 71 sheria pana zaidi, iliyoongeza orodha ya mazingira maalumu yanayoweza kumfikisha muuaji kwenye hukumu hiyo. Kwa sheria za California kila hukumu ya kifo hupelekwa yenyewe moja kwa moja Mahakama ya Juu, hata kama mfungwa hakuomba. Mafaili yakaanza kumiminika.

Sheria ya mwaka 1978 iliandikwa vibaya. Ile ya 1977 ilitaja wazi kwamba muuaji awe alikusudia kuua. Mpya iliacha maneno hayo pale inapozungumzia kifo kinachotokea katikati ya uhalifu mwingine, kwa mfano unyang'anyi. Je, mtu aliyekwenda kuiba dukani, risasi ikafyatuka na mtu akafa, anaweza kuhukumiwa kifo bila kuthibitishwa kwamba alitaka mtu afe? Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe ilikuwa imeweka mipaka juu ya kumwua mtu asiyekusudia kuua. Desemba 1983, katika kesi ya Carlos, mahakama ya California ilisema ni lazima juri, yaani wananchi 12 wanaosikiliza kesi, waelekezwe kuhusu dhamira ya kuua na waithibitishe.

Matokeo ya uamuzi huo yalikuwa ya kihesabu kabisa. Kesi za namna hiyo zilizosikilizwa kabla ya Desemba 1983 zilisikilizwa na mahakimu ambao hawakujua kwamba wangepaswa kutoa maelekezo hayo. Kwa hiyo zilipofika juu, faili baada ya faili lilikuwa na kasoro ileile, na hukumu ya kifo ikatenguliwa. Katika nyingi ya hizo hatia ya mauaji ilibaki palepale, na mfungwa akabaki gerezani. Kilichoondoka ni kifo.

Mfano mwingine ni kesi ya Ramos. Sheria ya 1978 iliwataka mahakimu wawaambie juri kwamba gavana ana uwezo wa kumpunguzia adhabu mtu aliyefungwa maisha bila msamaha. Tujiweke kwenye kiti cha mmoja wa wale kumi na wawili: unaambiwa kwamba ukichagua kifungo cha maisha, huenda siku moja mtu huyu akatoka, lakini huambiwi kwamba gavana huyohuyo anaweza pia kuibatilisha hukumu ya kifo. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema maelekezo hayo hayavunji Katiba ya nchi. Mwaka 1984 mahakama ya California ilisema yanaivunja katiba ya jimbo, kwa kuwa ni nusu ya ukweli. Ni vigumu kuona jinsi hakimu mwadilifu angeweza kuwasomea watu sentensi ile kwa dhamiri safi.

Hadi mwaka 1986 Jaji Mkuu alikuwa amepitia hukumu za kifo zaidi ya 60, na katika kila moja alipiga kura ya kuitengua. Mara nyingi mno hakuwa peke yake, kwa kuwa wenzake walio wengi walikubaliana naye. Hukumu chache mno zilithibitishwa, na katika hizo aliandika maoni ya kupinga. Lakini neno "kila" ndilo lililobaki vinywani mwa watu. Hakuna tangazo la televisheni linaloweza kueleza kesi ya Carlos kwa sekunde 30. "Kila" husemwa kwa pumzi moja.

Kampeni ya 1986

Gavana mpya, aliyeingia mwaka 1983, ndiye aliyeiandika sheria ya kifo ya 1977 alipokuwa seneta. Alitangaza wazi kwamba angempinga Jaji Mkuu, na miezi michache kabla ya kura akawaongeza kwenye orodha ya anaowapinga majaji wengine wawili walioteuliwa na gavana aliyetangulia, mmoja wao akiwa Mlatino wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo. Majaji sita kati ya saba walikuwa kwenye karatasi ya kura mwaka huo. Watatu walilengwa, watatu wakaachwa.

Upande wa wapinzani ulikusanya mamilioni ya dola na kuwaweka mbele ya kamera jamaa za waliouawa. Mzazi anasimama na picha ya mtoto wake, anasema muuaji yuko hai kwa sababu ya jaji huyu. Hakuna hoja ya kisheria inayoweza kumjibu mtu huyo, na wala haifai kujaribu.

Jaji Mkuu alifanya maamuzi manne, nayo yanastahili kutajwa pamoja na sababu zake. Alikataa kusema angeamuaje kesi zijazo, kwa kuwa jaji anayeahidi kura amekwisha iuza. Alikataa kujiuzulu mapema, ingawa kufanya hivyo kungeweza kuwapunguzia mzigo wenzake wawili. Aliachana na washauri wa kitaalamu wa kampeni na kuiendesha mwenyewe, kwa kuwa hakutaka mahakama iuzwe kama sabuni. Na katika matangazo yake aliketi akiitazama kamera moja kwa moja, akazungumza kwa utulivu juu ya uhuru wa mahakama, bila kuligusa suala la adhabu ya kifo.

Matokeo

Tarehe 4 Novemba 1986 wapigakura wapatao asilimia 67 walisema asibaki. Jaji wa pili alikataliwa kwa takriban asilimia 60 na wa tatu kwa takriban asilimia 57. Jaji mwandamizi, aliyekuwa kwenye karatasi hiyohiyo, alibakizwa kwa zaidi ya asilimia 70.

Januari 1987 watatu hao waliondoka, na gavana akapata nafasi tatu kwa mkupuo. Mmoja wa majaji aliowateua awali akawa Jaji Mkuu. Oktoba mwaka huohuo, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kufafanua zaidi msimamo wake wa 1982, jopo jipya liliifuta Carlos katika kesi ya Anderson. Hukumu hiyo iliandikwa na jaji mwandamizi.

Aliyekuwa Jaji Mkuu aliishi Palo Alto akimtunza mama yake. Alifundisha kwa muda, akatoa mihadhara, lakini hakuna ofisi kubwa ya mawakili iliyompa nafasi ya maana. Kwa kipindi fulani alikwenda kujitolea katika kituo cha msaada wa kisheria cha East Palo Alto, mji wa watu wa kipato kidogo, akitoa nakala za nyaraka na kupanga mafaili, na waliokuwa wakifanya naye kazi hawakujua mwanzoni yule mama wa kwenye mashine ya fotokopi ni nani. Saratani ilimrudia zaidi ya mara moja. Alifariki Desemba 1999, akiwa na miaka 63.

Uchambuzi

Swali la kwanza ambalo msomaji hujiuliza ni kama angethibitisha hata hukumu moja ya kifo, angepona. Huenda. Lakini swali lenyewe lina sumu ndani yake, kwa kuwa linataka mtu mmoja anyongwe ili jaji apate ushahidi wa usawa. Jaji akithibitisha hukumu yenye kasoro ili hesabu yake isiwe sifuri, amefanya kosa kubwa kuliko yote anayotuhumiwa. Kwa hiyo sifuri yenyewe haitoshi kumhukumu. Inabidi kusoma kesi moja moja, na ukizisoma utakuta kwamba nyingi zilianguka kwa kasoro ambazo hata majaji wasiopinga adhabu ya kifo walizikubali.

Hata hivyo zilikuwapo chache ambazo wenzake wanne au zaidi waliona hazina kasoro ya kutosha, na yeye akaendelea kuona. Hapo ndipo mtu mwenye nia njema anaweza kuuliza kama alichokuwa akikitafuta ni kosa la kisheria au ni mlango wa kutokea. Sidhani swali hilo lina jibu la uhakika, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa na wajibu wa kulijibu kwa maandishi kwa uwazi zaidi. Jaji anaruhusiwa kusema, "Naona adhabu hii haiwezi kutolewa kwa haki chini ya katiba, na hizi ndizo sababu zangu." Wapo majaji wa Marekani waliofanya hivyo, wakaeleweka hata na wasiokubaliana nao. Yeye aliendelea kutafuta kasoro ya faili lililo mbele yake, kila faili na yake, na msomaji wa kawaida akaona orodha ya visingizio pale ambapo pengine palikuwa na msimamo mmoja.

Jaji mwandamizi anafaa kulinganishwa naye, kwa sababu walikuwa ndani ya jopo moja na mara nyingi upande mmoja. Yeye binafsi hakuipenda adhabu ya kifo na hakulificha hilo, lakini alisema sheria ya wananchi ni sheria, na mara kadhaa alithibitisha. Alikuwa amegombea na kushinda uchaguzi wa jimbo zima kabla ya kuwa jaji, akajua mpigakura anasikia nini. Inavutia, na pengine inauma kidogo, kwamba yeye aliyekataa kufungua mlango wa vikao vya 1979 ndiye aliyelinda heshima ya jopo kuliko aliyeuomba ufunguliwe. Uwazi wa mahakama uko kwenye hukumu iliyoandikwa. Mazungumzo ya majaji kabla ya hukumu hayajatengenezwa kustahimili kamera, na kuyaanika hakukumsafisha yeye wala wenzake.

Kuhusu kampeni, kukataa kuahidi kura kulikuwa sahihi bila shaka yoyote, na ni sehemu ya kisa hiki ambayo ningependa kila hakimu kijana aikariri. Kosa lilikuwa kuchanganya kutoahidi na kutoeleza. Kueleza kwamba mfungwa ambaye hukumu yake ya kifo imetenguliwa hajaachiwa huru si kuahidi kitu. Kueleza kwamba sheria iliandikwa vibaya na kwamba wananchi wanaweza kuiandika upya si siasa. Mambo hayo yangeweza kusemwa na chama cha mawakili, na walimu wa sheria, na majaji wastaafu, miaka mitatu kabla ya kura, tangu wiki ile ya Desemba 1983 Carlos ilipotoka na kila mwanasheria wa jimbo akajua ni mafaili mangapi yangeanguka. Kulikuwa na muda wa kutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kulibeba jambo hilo, na kiongozi asiyekuwa na marafiki ndani ya jengo hakuwa na wa kumtuma nje. Tangazo la utulivu juu ya uhuru wa mahakama, likiwekwa karibu na uso wa mzazi aliyefiwa, lilionekana kama mtu anayezungumzia jengo wakati anaulizwa habari za msiba.

Lawama zote zisimwangukie. Fedha nyingi za kampeni hazikutoka kwa wafiwa. Makampuni ya bima yalikuwa na uchungu na uamuzi wa 1979 uliomruhusu mtu aliyegongwa kuishtaki kampuni ya bima ya aliyemgonga kwa kuchelewesha malipo kwa hila. Mwaka 1988 jopo jipya liliufuta uamuzi huo. Msiba wa watu ulitumika kufungua mlango, na kupitia mlango huo yakaingia mambo ambayo hayakutajwa kwenye tangazo hata moja. Pia si siri kwamba ukali, ugumu na kujitenga kwake vilisemwa kwa lugha ambayo wanaume waliomtangulia, baadhi yao wakali kuliko yeye, hawakusemwa.

Maamuzi yake ya utawala yaliishi kuliko yeye. Hakuna aliyelirudisha gari, na kamati za mahakama hazikurudi kuwa za wanaume peke yao.

Ama kuhusu lile lililopiganiwa, hesabu zake ni hizi. Baada ya kura ya 1986 ilipita miaka mitano na zaidi kabla ya California kumwua mfungwa wa kwanza, Aprili 1992. Hadi mwaka 2006, ilipotekelezwa hukumu ya mwisho, walikuwa wameuawa 13 kwa jumla. Na yule wa kwanza, wa mwaka 1992, hukumu yake haikuthibitishwa na jopo jipya. Ilithibitishwa mwaka 1981, katika mahakama aliyoiongoza yeye, na maoni yake ya kupinga yamo ndani ya faili hilo.